Niliyojifunza kwa Kujenga Vyumba vya Wanafunzi Jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma

Mwaka 2009 nilihamishiwa Dodoma kikazi nikitokea Nzega, nikiwa mwalimu wa sekondari na mama wa watoto wawili. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa na miaka miwili tu tangu kianze kupokea wanafunzi mwaka 2007, na vilima vya Chimwaga, mashariki mwa mji, vilikuwa vikijengwa kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona mahali pengine. Mifuko ya hifadhi ya jamii ilikuwa imetoa fedha za ujenzi, eneo la chuo lilikuwa la hekta 6,000 hivi, na kila mtu mjini alikuwa akiitaja idadi moja: wanafunzi 40,000, ndilo lengo la chuo kitakapokamilika. Ofisini kwetu walimu tulikuwa tukiulizana wakati wa chai, "Sasa hao elfu arobaini watalala wapi?" Swali hilo liliniingia kichwani likakaa. Naandika haya kwa ajili ya wale ambao leo wanaulizana swali kama hilo katika miji mingine inayopata vyuo, kwa sababu nimelipa fedha nyingi na usingizi mwingi kugundua kwamba nilikuwa nimeliuliza kwa watu wasiokuwa na jibu.

Kiwanja nilinunua Agosti 2011, katika mtaa mmoja ulioko ukingoni mwa eneo la chuo. Wakati huo palikuwa na mashamba ya uwele na mtama, mibuyu miwili, na nyumba chache za tembe. Mzee aliyeniuzia alinipokea kwa "mbukwa", salamu ya Kigogo, nami sikujua hata namna ya kuitikia, akacheka, akanifundisha, kisha akanipitisha shambani kwake akihesabu hatua kwa sauti: 30 kwa 35. Tulikubaliana shilingi 900,000. Niliandikiwa karatasi moja yenye majina yetu, mashahidi wanne na muhuri wa uongozi wa mtaa, nikalipa asilimia kumi ya bei kama ada ya muhuri huo, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba nina ardhi.

Sikuuliza jambo ambalo mtu yeyote aliyekulia Dodoma angeniambia bure. Tangu mji huu uteuliwe kuwa makao makuu mwaka 1973, ardhi yake ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji waliiita CDA, nayo ilikuwa na ramani za mipango miji zilizochorwa hata mahali ambapo jicho lilikuwa likiona uwele tu. Kiongozi aliyegonga muhuri aliniambia, "Mwalimu, huku bado ni kijijini, ramani hazijafika." Mimi nilitaka kuamini, nikaamini. Ningekwenda mjini siku moja tu, nikaomba kuoneshwa ramani ya eneo lile, ningejua kama pale nilipokuwa nikipanga kusimamisha ukuta palitengewa makazi, barabara au eneo la wazi. Safari hiyo isingenigharimu zaidi ya nauli ya daladala. Anayenunua ardhi karibu na chuo asipapime kwa macho yake. Chuo huvuta barabara, mabomba na nyaya za umeme kuelekea kwake, na vyote hivyo lazima vipite mahali.

Nilianza kujenga Oktoba 2012. Nilikuwa na akiba ya milioni tano, nikauza ng'ombe wawili wa urithi waliokuwa Nzega, na nikachukua mkopo wa milioni nane kutoka chama chetu cha kuweka na kukopa, makato yakiwa shilingi 235,000 kila mwezi kwa miezi 48. Hesabu yangu niliiandika nyuma ya daftari la maandalio ya somo na ninayo hadi leo: vyumba vinane, kila kimoja shilingi 30,000, jumla 240,000 kwa mwezi. Mkopo ungejilipa wenyewe na kubakiza elfu tano. Niliitazama hesabu hiyo kwa furaha mara nyingi, na hakuna siku niliyojiuliza kama mwaka wa mwanafunzi una miezi kumi na miwili.

Kabla ya hapo, hata hivyo, udongo ulinifundisha somo lake. Sehemu ya chini ya kiwanja changu ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wakati wa kiangazi hupasuka hadi kidole kikaingia, na mvua za Desemba zikianza huvimba na kunata kwenye viatu kama ugali. Fundi alikuwa mtu mwema lakini alitoka Pwani, kwenye mchanga, naye alichimba msingi wa futi mbili kote, sawasawa, kama alivyozoea. Mzee aliyeniuzia shamba alikuja siku moja akasimama akiegemea fimbo yake, akautazama mtaro, akasema kwa utaratibu kwamba upande ule babu yake hakuwahi kujenga hata banda la mbuzi. Nilimsikia, nikamshukuru, nikaendelea. Kufikia Machi 2013 vyumba vitatu vya upande wa chini vilikuwa na nyufa zilizoanzia kona ya dirisha kupanda hadi kwenye linta, na katika kimoja ufa ulikuwa mpana kiasi kwamba asubuhi mwanga wa jua uliingia ukachora mstari sakafuni. Kurekebisha, kwa kuchimba upya hadi kwenye tabaka gumu na kumwaga zege lenye nondo, kulinila shilingi milioni moja na laki nane, fedha ambazo zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya milango na tangi la maji. Gharama yote, ya kiwanja na vyumba, ilifika milioni 16 na ushee.

Wapangaji wa kwanza waliingia Oktoba 2013, wengi wao wakiwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu waliotaka kuishi nje ya mabweni. Nataka kusema wazi kwamba niliwapenda, na bado nawapenda vijana hawa. Walinijulia hali, walimfundisha mwanangu wa kwanza hisabati bila kudai chochote, na mmoja wao, aliyekuwa akisoma ndaki ya elimu, ananipigia simu hadi leo kila Idi. Lakini kuishi na wapangaji ambao ndiyo kwanza wametoka mikononi mwa wazazi kunahitaji utaratibu ulioandikwa, nami sikuwa nao. Mita ya Luku ilikuwa moja kwa vyumba vyote vinane. Mwanafunzi mwenye taa na simu alichangia sawa na mwenye hita ya maji, pasi na jiko la umeme, na kila umeme ulipokata usiku wa mitihani nilipigiwa simu na watu wanane, kila mmoja akieleza kwa nini si zamu yake. Ugomvi huo ulidumu miaka miwili na ukanifukuzia wapangaji watatu wazuri. Mita ndogo ndogo za kila chumba, nilipoziweka hatimaye, zilimaliza yote kwa wiki moja, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko kodi niliyopoteza chumba kimoja kilipokaa wazi.

Kuhusu maji sina budi kueleza zaidi kidogo, kwa sababu Dodoma ni nchi kame na mgeni haelewi hilo mpaka limkute. Mvua hunyesha takriban miezi minne au mitano, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa mwaka ni milimita 550 hadi 600 hivi. Mji kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na bomba lilikuwa bado halijafika mtaani kwetu. Tulinunua maji ya mkokoteni kwa dumu la lita ishirini. Nilidhani tangi ni anasa ya baadaye. Mwaka wa pili msichana mmoja alihama katikati ya muhula, akaniambia kwa adabu, "Mama, nyumba yako ni nzuri, lakini siwezi kuingia mtihanini sijaoga." Nilikopa siku ileile nikanunua tangi la lita 5,000 na mifereji ya kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Leo mtu akiniuliza aanze na nini baada ya paa, namjibu maji, kisha choo chenye shimo la kutosha idadi ya watu, kisha rangi ikiwa fedha imebaki.

Hesabu ya nyuma ya daftari ilianza kuvunjika Julai 2014. Mitihani ilikwisha, mabegi yakafungwa, bajaji zikajipanga barabarani, na ndani ya siku tano vyumba vinane vilikuwa kimya. Wanafunzi wasingerudi hadi Oktoba au Novemba, na hakuna mzazi aliyekuwa tayari kulipia chumba ambacho mtoto wake hayumo. Makato ya mkopo hayakujua likizo. Niligundua pia kwamba mtaa mzima unaishi kwa kalenda hiyo: muuza chipsi alifunga kibanda, mwenye steshenari alirudi kwao Kongwa kulima, na mama ntilie aliyekuwa akipika sufuria nne za wali alipika moja. Hata ndani ya muhula kulikuwa na majira yake. Fedha za bodi ya mikopo, ambazo wanafunzi huziita bumu, zikitoka kila mtu hulipa madeni yake kwa wiki moja, na zikichelewa mtaa wote hukopana unga. Nilikuja kubadili utaratibu nikapokea kodi kwa muhula badala ya mwezi, nikipanga tarehe ya kulipa baada ya bumu kutoka, na katika hesabu zangu zote nikaacha kabisa kuhesabu miezi kumi na miwili. Nahesabu miezi tisa. Nikipata wa kumi, huo ni wa matengenezo.

Lakini pigo lililonifanya nielewe hasa mahali nilipojenga lilikuja Mei 2016. Serikali iliamua kuwarudisha nyumbani wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliokuwa wakisoma chuoni. Wao hawakuwa wapangaji wangu, kwa hiyo siku ya kwanza niliwaonea huruma tu, nikiwatazama wakiburuta mabegi kuelekea stendi, wengine wakilia. Haikunijia akilini kwamba vitanda walivyoviacha vingejazwa na mtu. Mwaka mpya wa masomo ulipoanza, vijana watano kati ya wanane waliokuwa kwangu waliniambia kwamba wamepata nafasi bwenini, ndani ya chuo, kwa gharama ndogo kuliko kodi yangu na bila nauli. Ningekuwa wao ningefanya vilevile.

Usiku ule nililirudia swali letu la chai. Watalala wapi? Chuo hiki, tofauti na vyuo vingi, kilipangwa tangu mwanzo kulaza sehemu kubwa ya wanafunzi wake ndani ya eneo lake, na mabweni yake yalikuwa yakijengwa mbele ya macho yangu miaka yote ile niliyokuwa nikipita kwa daladala. Mimi nilikuwa naishi kwa ziada, yaani wale waliokosa nafasi na wale waliopenda uhuru. Ziada hupanda na kushuka kwa uamuzi wa watu wanaokaa mezani mbali na mtaa wangu: udahili ukiongezwa napata, bweni likifunguliwa napoteza. Yeyote anayetaka kujenga karibu na chuo chochote aanze kwa kujua chuo kina vitanda vingapi, kinadahili wangapi, na kina mpango gani wa mabweni kwa miaka kumi ijayo. Mambo haya hayafichwi. Yapo kwenye taarifa za chuo, na ukienda ofisi ya mshauri wa wanafunzi ukauliza kwa heshima utaelezwa.

Miezi ile ya 2016 ilikuwa migumu nyumbani. Makato ya mwisho yalikuwa Oktoba, na kuanzia Juni hadi hapo nililipa kutoka kwenye mshahara, tukapunguza nyama, tukamwondoa mdogo shule ya kulipia. Mume wangu hakunilaumu kwa maneno, ila aliacha kabisa kuuliza habari za nyumba ile, na ukimya huo uliniumiza kuliko ambavyo lawama ingeniumiza.

Kilichotuokoa hatukukipanga. Julai mwaka huohuo Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na baada ya miezi michache mji ulifurika watumishi. Baadhi ya wizara zilipewa majengo ya chuo kuwa ofisi za muda, kwa hiyo kukawa na makatibu muhtasi, madereva na wahasibu waliotafuta pa kulala karibu na vilima vilevile. Nilipata wapangaji sita kwa mwezi mmoja, kodi ikapanda hadi 50,000. Hapa nilifanya kosa ambalo bado linanichoma. Nilikuwa na wanafunzi watatu waliobaki nami wakati wa shida, nikawapa notisi ya wiki mbili ili nipangishe watumishi waliokuwa tayari kulipa miezi sita kwa mkupuo. Ofisi zilipoanza kuhamia Mji wa Serikali kule Mtumba, mwaka 2019, watumishi nao walisogea karibu na kazi zao, na nilipotaka wanafunzi warudi nilikuta jina langu limeshasambaa kwamba yule mama hufukuza watu katikati ya muhula. Ilinichukua muda kulisafisha.

Katikati ya hayo ndipo karatasi ya muhuri ilipodai gharama yake. Mei 2017 CDA ilivunjwa na majukumu yake yakakabidhiwa halmashauri, Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji, na mtaani kwetu ukaja urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kuhalalisha viwanja vilivyojengwa bila kupimwa. Nilifurahi, nikachangia fedha za upimaji kati ya watu wa kwanza. Kisha siku moja ya Jumamosi nilifika nikakuta ukuta wa vyumba viwili vya mbele una alama ya X iliyopakwa kwa rangi nyekundu, bado mbichi, imechuruzika hadi kwenye kidirisha. Barabara ya mtaa, ya kuifikia nyuma ya viwanja vingine ishirini, ilipita pale. Nilimwuliza mpimaji kwa nini isipite kwa jirani, akanifungulia ramani juu ya boneti ya gari na kunionesha kwa kalamu: mstari ule ulikuwa umechorwa zamani kabla sijanunua. Sikuwa na kibali cha ujenzi wala sikuwa na mahali pa kusimamia dai la fidia. Nilivunja mwenyewe vyumba vile viwili kwa mafundi wangu, ili angalau niokoe bati, mbao, milango na matofali yaliyotoka mazima, na ninawashauri walioko katika hali hiyo wasisubiri tingatinga, kwa sababu halichagui tofali zima. Baada ya hapo nilipata hati ya miaka 99. Niliishika nikiwa nimesimama kwenye kifusi, nikalia kwa mambo mawili kwa pamoja.

Machi 2020 tulikuwa na vyumba sita vimejaa wanafunzi. Tarehe 18 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, vijana wakaondoka na begi moja moja wakiacha magodoro na vyombo, wakidhani ni wiki chache. Aprili niliwatumia wote ujumbe wa kukumbusha kodi. Mzazi mmoja, mama kutoka Mbeya, alinipigia, akaniambia kwamba duka lake halijauza kitu kwa siku kumi na moja na hawezi kuchagua kati ya chumba kisicholaliwa na unga. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Jioni nilituma ujumbe mwingine: nusu kodi, nayo ilipwe chuo kikifunguliwa. Vyuo vilifunguliwa Juni 1, watano kati ya sita walirudi na kulipa, na wa sita alituma fedha zake kwa simu alipokuja kuchukua godoro. Tangu hapo mkataba wangu, ambao ni ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, una kifungu kinachosema nini kitatokea chuo kikifungwa, na kingine kinachosema kwamba hakuna anayeondolewa katikati ya muhula ikiwa amelipa.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kuliacha, ingawa halihusu mifuko ya wajenzi kama mimi. Yule mzee aliuza shamba lake lote kati ya 2010 na 2014, kipande kwa kipande, kila mara kwa shida fulani: ugonjwa, msiba, ada. Kiwanja alichoniuzia kwa 900,000 kilitajiwa bei ya milioni kumi na mbili nilipopata hati. Alifariki 2017, na mjane wake sasa anaishi chumba kimoja kwa mwanawe, anauza mlenda mkavu na karanga kwa vikopo barabarani, karibu na mahali palipokuwa na mbuyu wake. Ninanunua kwake, ananiitikia "mbukwa" kwa uchangamfu uleule, na kila mara najua kwamba bei niliyompa mumewe ilikuwa halali na pia ilikuwa ndogo mno. Wenyeji wa maeneo yanayopata vyuo, nawaomba kama mtu aliyefaidika: msiuze kipande cha barabarani, hata kama mtauza vingine vyote. Pimisheni kwanza, hata kwa kuchangishana ukoo mzima, kisha muuze viwanja badala ya hatua. Na mtu akija na fedha za kujenga, kuna namna ya kuingia naye ubia wa kuandikishana, yeye atoe matofali, ninyi mtoe ardhi, vyumba mgawane.

Mwaka 2024 treni ya mwendokasi ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, niliona mabadiliko madogo ambayo bado nayafuatilia. Wanafunzi wa Dar sasa huenda kwao hata kwa siku tatu, na wazazi huja kuviona vyumba kabla ya kulipa, jambo ambalo zamani lilikuwa nadra. Mzazi akifika huniuliza maji, mlango wa chuma na taa ya nje. Hakuna aliyewahi kuniuliza rangi ya ukuta.

Nimeamua kuvirudisha vile vyumba viwili vilivyovunjwa, safari hii upande wa chini, nyuma ya mstari wa barabara, nikiwa na kibali kilichogongwa muhuri wa jiji. Fundi ni mwingine, kijana wa Mpwapwa anayeujua udongo huu. Wiki iliyopita nilimwomba achimbe shimo moja la majaribio kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Alifika futi tano ndipo sururu ikatoa mlio mkavu, akaniita nije nione changarawe ngumu ya rangi ya kutu, akapanda juu, akapangusa mikono na kuniambia kwamba msingi utaanzia pale.